Kumtafutia Mama Mataya Pwani Nyingine

Mwaka ule sotoka ilipomaliza ng'ombe wa Ugogo nilikuwa na miaka kumi. Labda kumi na mmoja. Kwetu hakuna aliyekuwa anaandika. Zizi la baba yangu lilikuwa linajaa hadi ndama wanakanyagana, na kabla mtama haujakomaa likabaki mavi makavu na inzi. Tulichemsha ngozi za kulalia tukazila. Ngozi iliyobaki ndiyo niliyovaa. Nimeanzia hapo ili unayesoma ujue kwamba anayekusimulia safari ya kwenda kupumzika pwani hakuzaliwa juu ya godoro. Alilitafuta.

Shule nilikaa msimu mmoja tu, enzi hizo za Mjerumani. Nilipojua kuandika jina langu, Malogo, na kujumlisha, niliona inatosha. Reli ilipokuwa inatambaa kuja Dodoma, wenzangu walikimbilia porini wasikamatwe kubeba mataruma. Mimi nilikwenda Chemba, nikachukua mbuzi kwa Warangi, kwanza mmoja, kisha wawili, nikawaswaga hadi kambini na kuwauzia nyama vibarua. Wengine waliniita mbweha. Sawa. Mbweha hali ngozi ya kulalia.

Faida ya kwanza iliyonikaa mkononi nilinunulia koti. Koti la kaki lenye vifungo vya shaba, kwa Mhindi aliyefungua duka karibu na stesheni. Enzi zile ukienda bomani bila koti, askari anakuuliza umetumwa kufagia wapi. Ukienda na koti, anakuuliza una shida gani. Nimeulizwa yote mawili, najua tofauti yake.

Sasa sababu ya safari. Mke wangu Nyemo, ambaye watu humwita Mama Mataya kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, alikuwa na kifua. Anayeijua Dodoma anaujua upepo wa mwezi wa saba na wa nane. Mashamba yamevunwa, ardhi iko uchi, na vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya chungu kilichofunikwa. Likimwingia Mama Mataya, alikuwa hawezi kulala. Alikaa wima ameshika nguzo ya nyumba, kifua kinapiga filimbi, mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbizwa. Waganga wakala mbuzi zangu. Kifua hakikusikia.

Aliyetuokoa ni Kombo. Huyu alikuwa fundi mwashi wa reli, mtu wa pwani, akashikwa na homa kambini karibu na kwangu. Mama Mataya alimnywesha uji na maziwa mpaka akasimama, na mimi nikachanjiana naye undugu. Alipomwona mke wangu kwenye msimu wa vumbi akaniambia, "Ndugu yangu, mlete shemeji kwetu Kidundo anuse bahari." Tulikwenda. Usiku wa tatu akalala chali, mdomo wazi, anakoroma kama mlevi. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Tangu hapo kila msimu wa vumbi tulikwenda Kidundo, tukakaa kwa Kombo hadi mawingu ya kwetu yalipoanza kurudi.

Mwaka ninaousimulia, upepo ulianza mapema. Mama Mataya alikuwa ameshashika nguzo kabla hatujamaliza kupura mtama. Nilimwachia mdogo wangu mbuzi, nikavaa koti, tukaondoka.

Stesheni ya Dodoma tulipanda gari la moshi asubuhi, behewa la watu weusi, lisilo na viti. Mama Mataya aliketi juu ya mzigo wetu wa karanga na kibuyu cha samli, uso ameufunika kwa kaniki. Kupita Gulwe na kuteremka kufuata mto hadi Kilosa, milima ikaanza kuwa ya kijani, nami nikawa nasikiliza. Kila safari nilikuwa nasikiliza hivyo: filimbi inapungua wapi. Mwaka ule haikupungua.

Morogoro tulilala, kwa kuwa gari lilikuwa haliendi gizani. Pale mfanyakazi mmoja wa reli, kijana wa Kizaramo, aliniuliza tunakwenda upande gani wa pwani. Nikamwambia, kusini, Kidundo.

"Kidundo?" akasema. "Mzee, mna ndugu huko?"

"Nina ndugu."

"Basi Mungu awe amemwacha hai."

Nikamwuliza ana maana gani. Akasema masika yaliyopita kulikuja upepo, kimbunga, na vijiji vya kusini vimechafuka. Zaidi ya hapo hakujua. Mama Mataya alikuwa amesikia yote chini ya ile kaniki. Akasema tu, "Twende. Kurudi pia ni vumbi." Tukaenda.

Dar es Salaam hatukukaa. Tulivuka mlango wa bandari kwa mtumbwi, tukakodi punda wa kumbeba Mama Mataya, tukashika njia ya kusini. Kadiri tulivyokwenda, minazi ilianza kuinama, kisha ikawa imekatika nusu, kisha ikawa imelala chini yote, vichwa vimeelekea upande mmoja kama watu wanaosujudu. Punda alikuwa anaruka magogo.

Kidundo tulifika jua likiwa kichwani. Kijiji hakikuwepo. Palikuwa na mchanga pale palipokuwa na njia, na njia pale palipokuwa na nyumba. Kwa Kombo kulikuwa kumebaki fremu ya mlango, imesimama peke yake, na yeye mwenyewe ameketi nyuma yake anachonga boriti. Nilisimama mbele ya ile fremu. Sikujua la kufanya, nikafanya la siku zote.

"Hodi!"

"Karibu, ndugu yangu," akajibu bila kuinua kichwa. "Ingia taratibu, usijigonge na dari."

Tukacheka. Kisha akamwona Mama Mataya juu ya punda, akaacha kucheka, akaficha uso kwa mkono wenye patasi.

Alitueleza akiwa anatupasulia dafu. Upepo ulitoka bara na kung'oa paa zote. Ukatulia. Watu wakasema umekwisha, wakatoka kutafuta vyombo vyao. Ukarudi, safari hii unatoka baharini, na bahari ikaja pamoja nao. Mama yake mzazi alikuwa ametoka kufuata kuku. Hawajampata hadi leo. Mkewe alikuwa hai, amekwenda kwao na watoto.

Nilikuwa nimetoka Dodoma nikiwaza kitanda na dirisha. Mbele ya mtu yule niliona aibu kuwaza hivyo. Nikampa samli yote tuliyobeba isipokuwa kikombe kimoja, na Mama Mataya akamlilia mama yake Kombo kama alivyomlilia wake mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpikia uji wa mchele. Kulia kukamletea kifua. Kombo alimtazama jinsi anavyovuta pumzi, akasema lile ambalo mimi sikuweza kulisema.

"Shemeji hawezi kukaa hapa. Visima vimeingia chumvi, na mchana kutwa tunachoma takataka, moshi mtupu. Nina shangazi Mtondooni, nyuma ya rasi ile. Kule upepo ulipita juu. Nyumba yake ina chumba kinachoitazama bahari."

"Atatupokea?"

"Shangazi Mize?" Kombo akajikuna. "Atawapokea. Ila ana mdomo."

Mtondooni tulifika siku ya pili yake, asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Ni kijiji kidogo, chini ya mitondoo mikubwa inayotia kivuli hadi mchangani. Nyumba ya Bi Mize ilikuwa ya udongo na makuti, imefagiwa mpaka unaogopa kukanyaga. Mwenyewe alikuwa mwanamke mzee, mwembamba, anatafuna tambuu kizingitini. Nyuma yake nilikiona chumba: mlango wazi, dirisha wazi, bahari imejaa dirishani, na hewa inapita hapo katikati kama mtu mwenye haraka. Mama Mataya alikiona pia. Nilimsikia akivuta pumzi kuielekea.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Kombo, umeniletea nani aliyevaa vifungo namna hii?"

"Ndugu yangu wa kuchanjiana, shangazi, na mkewe. Wanatoka Dodoma."

"Dodoma ndiyo wapi?"

"Ugogo."

Taya likaacha kutafuna. "Mgogo?"

"Mgogo, bibi," nikasema mwenyewe, maana sijawahi kulionea haya.

"Mgogo wa kwenye maji?"

Akasimama. Akanyoosha mkono mmoja hadi kwenye mwimo wa pili wa mlango, akaziba njia, na ule mkono mwingine akaukinga mbele yangu.

"Hongo," akasema.

Kwa vijana mnaosoma na hamkuyakuta hayo: zamani za misafara ya pembe, kabla ya reli, njia yote ya kwenda Unyamwezi ilipita kwetu, na kwetu maji ni machache. Wazee wetu walikaa kwenye maziwa na visima wakasema, ukitaka kunywa toa nguo. Hiyo ndiyo hongo. Mwarabu alitoa, Mzungu alitoa, mpagazi naye alitoa. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliokaa ukingoni. Mtoto wa Kigogo alikua akijua kwamba dunia nzima hupita kwake na kuinama.

"Mume wangu alikuwa mpagazi," Bi Mize akaendelea, na majirani walikuwa wameshaanza kusogea. "Alipita kwenu. Siku ya kwanza mkataka nguo ya mkubwa wenu. Kesho yake nguo ya mke wa mkubwa. Kesho yake tena ya mjomba wa mkubwa, aliyekuwa hajafika bado, yuko njiani! Na maji yale pale, wanayatazama. Mume wangu aliondoka hapa na shuka mbili mpya nilizompa mimi, akarudi amejifunga gunia. Nikamwuliza, wewe, umevuliwa na simba? Akanijibu, Mize, simba hana haja ya shuka."

Watu walicheka hadi wakashikana. Mimi pia nilicheka. Nikamkabidhi kile kikombe cha samli.

"Hii ni zawadi ya mgeni," akasema, akaipokea. "Ahsante. Hongo huchagua mwenye maji. Nataka hilo koti."

Nikaacha kucheka.

"Bibi, nitakuletea mbuzi."

"Mbuzi yuko Ugogo. Koti liko hapa."

Kombo akaninong'oneza, "Mpe, ndugu yangu, ni utani huu."

"Utani gani unamvua mtu nguo?"

"Huo huo wenu," akasema.

Sikutoa. Nitasema sababu, kila mtu aipime. Nilikula ngozi utotoni, na iliyobaki nikaivaa. Koti lile lilikuwa mtu niliyemtengeneza mwenyewe, kwa miguu yangu, kati ya Chemba na Dodoma. Nivuliwe mbele ya kijiji kizima, na mke wangu anatazama? Nikasema, "Sisi hatulipi hongo. Sisi hupokea." Nikageuza punda.

Tulifika chini ya mtondoo wa mwisho. Hapo Mama Mataya akasema, kwa mkato, kwa kuwa pumzi ilikuwa haitoshi maneno mengi: "Baba Mataya. Hilo koti lina kifua?"

Nikamwambia nitamjengea nyumba.

Jumbe wa Mtondooni alinipa kiwanja pembeni, mahali pasipo na mtu. Pa kukaa kwa wakati huo tulipata kibanda cha kukaushia nazi za mbata, ambacho kilinuka moshi, kwa hiyo Mama Mataya alikaa nje yake, chini ya kuti. Kombo alirudi kwake Kidundo akitikisa kichwa. Nikaanza kujenga tembe.

Anayelijua tembe anajua fahari yake. Kuta fupi, nguzo nene, juu bapa: boriti, fito, nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa mpaka ng'ombe akipanda hapasuki. Na nilikuwa na hoja. Kimbunga kilikuwa kimeng'oa nini? Mapaa yao ya makuti, yaliyosimama juu kama bawa la kuku. Tembe halina bawa. Upepo uje toka baharini, uje toka bara, utapita juu na kwenda zake. Niliwaeleza waliokuja kutazama.

"Na paa utaliweka lini?" mvuvi mmoja akaniuliza kazi ilipokwisha.

"Paa ndilo hilo."

"Hilo si sakafu?"

"Ni paa."

Akalizunguka. "Na mvua, mzee?"

"Mvua ya nini? Huu ni mwezi wa nane!"

Walitazamana. Hawakunibishia, na nafikiri walikuwa wanangojea waone. Kwetu, msomaji, unajua mwenyewe: tukishavuna, hata wingu halipiti mpaka miti itoe maua. Kweli pwani kuna mvua ndogo ya wakati huo, huiita mchoo. Misimu iliyopita niliisikia ikigonga makuti ya Kombo, nikageukia upande wa pili nikalala. Mtu aliye chini ya paa la mwenzake hahesabu matone.

Siku za kwanza ndani ya tembe zilikuwa si mbaya. Mama Mataya alikaa mlangoni na hewa ya bahari ikamfikia. Mchana alikuwa akienda kwa Bi Mize kusuka ukili. Bi Mize alimwambia mwanamke hakukaa ukingoni mwa maji kuuza kiu, kwa hiyo apite. Akamwambia hata kulala alale. Mama Mataya akakataa. "Nitalalaje ndani," alimwambia, "mume wangu amefungwa nje kama beberu?" Jioni alirudi kwangu. Lakini nyumba ya udongo mbichi ni baridi, na filimbi ikaanza tena kidogo kidogo. Niliisikia. Nilijifanya ni mawimbi.

Alasiri moja, nikiwa natia udongo kwenye ufa, mbingu upande wa bahari ilikuwa nyeusi. Mvua haikuanza kwa matone. Ilikuja nzima. Kwetu tembe likipata mvua udongo hukaza, kwa kuwa ni udongo. Wa kule nusu yake ni mchanga, na nusu ya pili nilikuwa nimeichimba karibu na mikoko, ina chumvi, haishiki. Kwanza paa lilitoa jasho. Kisha likadondosha matope, tone hapa, tone pale, kisha kwa viganja. Mama Mataya alikuwa amelala ndani. Nilipoingia alikuwa amekaa wima ameshika nguzo, matope yanamtiririka usoni, na kifua hakipigi filimbi tena. Kilikuwa kimya. Mdomo uko wazi, na hakuna kinachoingia.

Nilimbeba. Boriti ya kati ililia nyuma yetu na juu kukashuka, sikugeuka. Nilivua koti nikamfunika kichwa, nikakimbia naye chini ya mitondoo, na nakuambia kweli, sikuwa nawaza Ugogo wala hongo wala mtu. Nilikuwa nasikiliza.

Bi Mize alikuwa ameshatoka. Alikuwa anakuja mbio kwenye mvua, kanga kichwani, mzee yule, anapiga kelele, "Mlete! Mlete huku, mpumbavu wee!" Hakuziba mlango. Alimchukua upande wa miguu, tukamwingiza kile chumba, tukamketisha dirishani. Akamvua nguo zilizolowa, akamkanda mgongo kwa mafuta ya moto, akamwegemeza kifuani pake mwenyewe kama mtoto. Mimi akanifukuza nje.

Nilisimama barazani. Sijui kwa muda gani. Mvua ilipoanza kulegea nikaisikia: pumzi moja, nyembamba, imekwaruza. Halafu nyingine. Halafu akakohoa, na baada ya kukohoa akasema neno la Kigogo la kuomba maji.

Bi Mize akatoka, koti langu mkononi, linadondosha matope. Akanipa.

"Chukua. Mkeo anapumua."

Sikulipokea. Nikamwambia, "Hongo yako hiyo, bibi."

"Sijakudai sasa, Mgogo. Mgonjwa hatozwi."

"Yeye hatozwi. Mimi bado niko nje ya mlango."

Alilikung'uta matope. Kisha akalikamua lile koti kwa mikono miwili kama anavyokamua nazi, akalivaa, mikono ikampita vidole, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja mpaka juu.

"Basi ingia," akasema. "Maji ni yako, unywe mpaka ushibe."

Wiki zilizofuata tulikaa katika chumba kile. Mama Mataya alilala chali. Nilizibua kisima cha Bi Mize, nikakata kuni, nikajifunza kuezeka makuti, na mvuvi yule aliyeuliza kuhusu sakafu ndiye aliyenifundisha kuyashona. Bi Mize alivaa koti kwenda kisimani, kwenda shambani, kwenda hata matangani. Watu wakimwona wanasema, "Hongo hiyo inapita!" Mwanzoni nilikuwa nageuza uso. Baadaye nikawa naitikia, "Ya baba yangu hiyo, na babu yangu." Kombo alikuja kututembelea akaona shangazi yake amejifunga vifungo vya shaba, akakaa chini mchangani akacheka mpaka akalia. Mke wake alikuja naye. Alituambia hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu masika.

Jioni nyingi nilimwuliza Bi Mize juu ya mumewe. Aliniambia alikuwa mpole, mwimbaji, mtu wa kubeba mzigo wa mwenzake aliyechoka. Nikawa namfikiria pale kwetu, ameketi juani, anayatazama maji. Labda baba yangu alimwona. Labda nilikunywa uji siku ile tumbo likajaa, nguo yake ikiwa imefungwa kiunoni mwa mama yangu. Sisi hatukuyachimba maziwa yale. Tulizaliwa tukayakuta, basi tukasema ni yetu.

Mawingu ya kwetu yalipokaribia tuliaga. Bi Mize alimpa Mama Mataya mkeka waliousuka pamoja na kumwambia chumba kina jina lake. Mimi akaniambia, "Mwakani uje na samli, Mgogo. Hongo umeshamaliza, lakini mimi sijamaliza kula."

Dar es Salaam, mlangoni mwa stesheni, askari alinisukuma kifuani. "Wapagazi kule nyuma." Nilikuwa na shuka tu begani. Nikamwambia nina tiketi, tena mbili, na huyu ni mke wangu. Alizitazama akatupisha. Morogoro mwingine hakutaka hata kuziona tiketi, akatuweka na magunia. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba koti halina kazi duniani. Lina kazi. Nilikaa juu ya gunia nikaliwaza njia nzima, na kila nilipoliwaza niligeuka kumtazama mke wangu, amelala, kichwa kimeegemea mkeka, mdomo wazi.

Dodoma tuliteremka alasiri. Vumbi lilikuwa limelala, mvua ya kwanza ilikuwa imeshapiga. Mjomba wangu, mkubwa wa ukoo, alikuwa amekuja na wazee wawili kutupokea.

"Koti liko wapi?" ndiyo salamu aliyonipa.

"Shikamoo, mjomba. Nimelipa hongo."

"Umelipa nini?"

"Hongo."

"Mgogo?" Akawageukia wenzake kama anayetafuta shahidi. "Mgogo analipa hongo? Kwa jumbe gani? Kwa Mwarabu?"

"Kwa bibi kizee mmoja mwenye dirisha."

Akatema mate chini. Akasema nimewavua nguo wote, waliokufa na walio hai, na kwamba mtu akishakula faida ya vibarua wa Mjerumani anasahau yeye ni nani. Alikuwa bado anasema hivyo Mama Mataya aliposhuka nyuma yangu. Alimsalimu akipiga goti. Kisha akainua ule mzigo wa mkeka na nazi, akajitwika mwenyewe, akatutangulia. Kutoka stesheni hadi nyumbani ni mwendo, na sehemu moja ni kilima. Hakusimama. Alipofika juu ya kilima alikuwa anamwimbia jirani salamu kwa mbali. Mjomba, ambaye alikuwa ameandaa sanda ya huyo mke wangu miaka miwili kabla, alimtazama mpaka akapotea.

Nilichojifunza si kingi, na sikukipata shuleni. Mahali pa kupumzikia si miti wala maji. Kidundo kulikuwa na miti na maji. Ni mtu aliye tayari kukufungulia, na mtu huyo ana haki ya kukutazama vizuri kwanza. Na ujenzi wa kwenu ni mzuri kwenu. Ukifika kwa watu, uliza mvua yao inanyesha lini kabla hujawasifia paa lako.

Bi Mize alifariki mwaka ule vita ya Wazungu ilipokwisha. Kombo alihamia Mtondooni na yuko huko hadi leo, Kidundo haikurudi.

Leo nina nyumba ya bati Kizota, vyumba vinne, sakafu ya saruji. Nina zizi, ng'ombe waliomo sitawataja idadi, si vizuri. Nina mbuzi Chemba, wanachungwa kwa Mrangi mmoja mwaminifu. Nina bucha moja sokoni, mizani mbili, baiskeli moja. Shamba la karanga na shamba la mtama. Watoto sita walio hai. Mtondooni nina minazi michache na chumba kimoja cha makuti, niliachiwa na mwenye nyumba mbele ya mashahidi. Mama Mataya ninaye. Yuko ndani anafunga mizigo, upepo umeanza.